Ndoa Isiyo Kwenye Kitabu

Jumatatu, 4 Machi

Baba Kidoti anataka cheti cha ndoa. Kazini kwao, idara ya maji, wanahakiki wafanyakazi upya: nani ana mke, nani ana watoto, nani amejiongezea familia hewa. Kila mtu apeleke nakala kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Asiyepeleka, familia yake inatolewa kwenye bima ya matibabu.

Tukafungua sanduku la bati. Cheti kimeliwa na mchwa. Kimebaki kipande cha pembeni, nusu ya muhuri na sahihi ya Dada, shahidi wangu.

"Utapita wewe," Baba Kidoti akasema. "Ofisi ya msajili iko karibu na kwenu kazini."

Nitapita.

Leo nimesaga lenzi tisa za miwani. Moja imepasuka ukingoni. Nimeirudia.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda saa ya chakula cha mchana. Dirisha namba tatu. Karani ni mwanamke wa makamo, miwani imekaa upande — skrubu ya mkono wa kulia imelegea. Mimi siwezi kumtazama mtu usoni bila kuanza na miwani. Ndiyo ubaya wa kazi yangu.

Nikamtajia tarehe. Kumi na nne Machi. Wiki ijayo inatimia miaka kumi na minane. Akaingia ndani, akatoka na kitabu kikubwa chenye gamba jeusi. Akapitisha kidole. Akarudi nyuma ukurasa mmoja. Akaenda mbele.

"Mama, hamumo."

"Hatumo wapi?"

"Humu. Tarehe kumi na tatu kuna ndoa mbili. Kumi na tano kuna moja. Kumi na nne hakuna kitu."

Akanigeuzia kitabu nione mwenyewe. Hakuna mstari uliofutwa, hakuna ukurasa uliochanwa. Siku yetu imerukwa tu, kama mtu anavyoruka dimbwi la maji akaendelea na safari yake.

Msajili wa wakati ule, akaniambia, alikuwa na mazoea ya kuandika vyeti asubuhi na kuhamishia kitabuni jioni. Jioni nyingine hakuhamisha. Sisi si wa kwanza. Na msajili mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki, hakuna wa kumuuliza.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kwa mujibu wa kitabu hiki, mama yangu, wewe hujaolewa."

Alilisema taratibu, kama daktari. Kisha akanipa njia mbili. Ya kwanza: mashahidi wawili waliosaini siku ile waje waape, na sisi tuape, tuingizwe kwa tarehe ileile ya zamani. Ya pili: tufunge upya. Tangazo linakaa ubaoni siku ishirini na moja, halafu ni kazi ya dakika kumi.

Nikamshukuru. Nikatoka. Nikangoja nishtuke. Nilingoja mpaka kwenye taa za barabarani, nikangoja mpaka zikabadilika. Sikushtuka. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi ya jino: unashika shavu, unajua ni lako, lakini halipo.

Nikarudi kazini nikamaliza zamu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia wakati wa kula. Kidoti alikuwepo. (Ana miaka kumi na sita na bado tunamwita kwa kile kidoti cha shavuni. Siku moja atakataa.)

Baba Kidoti alitafuna mpaka akamaliza ndiyo akajibu. "Basi tufunge upya. Kwani kuna shida gani? Dakika kumi."

Kidoti akaweka kijiko chini. "Ngoja kwanza. Kwa hiyo mimi ni mtoto wa nje ya ndoa?"

"Kula," baba yake akasema.

"Nauliza tu. Nijue nianze kutafuta baba yangu halisi, pengine ana gari."

Baba yake akatabasamu kidogo. Mimi nikatabasamu pia, nadhani. Kisha akaondoka na sahani yake, akaisuuza, akaenda sebuleni kusikiliza taarifa ya habari. Huko ndiko anakolala siku hizi, kwenye kochi. Anasema anaamka mapema mno, hataki kunisumbua. Anakunja shuka vizuri kila asubuhi, wageni wakija hawajui.

"Tufunge upya." Hakuuliza kama nataka. Na mimi sikumwambia kwamba hakuuliza. Ndivyo tulivyo. Hatugombani. Jirani wanatusifia.

Jumamosi, 9 Machi

Dada amekuja asubuhi na mapema, amesikia kwa Kidoti. Dada ni mwalimu. Hata akikaa jikoni kwako anaongea kama yuko mbele ya darasa la watoto sitini.

"Hujaolewa! Na mimi nilivyosumbuka siku ile!"

Akaanza kusimulia. Nilikuwa namenya viazi, nikamwacha. Siku ile anaisimulia vizuri kuliko mimi, maana anaisimulia akiwa na hamu.

Ilikuwa Jumanne, kwa sababu Jumanne hakuna foleni. Gauni lilikuwa lake Dada, alilovaa siku ya kuhitimu chuo cha ualimu, na Dada tangu hapo ana mwili. Mimi nilikuwa mwembamba kama ufito. Tukalikunja mgongoni, tukalibana na vibanio vya kuanikia nguo, sita, na juu yake nikajitanda mtandio. Siku nzima sikuweza kuegemea kiti. Pete tuliazima: yangu ya Dada, ya Baba Kidoti ya shemeji, mume wa Dada. Tulivishana, tukapigwa makofi, na kabla hatujafika getini shemeji ameshanyoosha mkono, "Jamani, pete yangu." Mpiga picha alikuwa yule wa nje ya ofisi anayepiga za vitambulisho. Hakuwa na namna nyingine ya kupiga. Kwa hiyo picha zetu za harusi ni pasipoti saizi, nakala nane, tumebanana mabega mbele ya kitambaa cha buluu, tunatazama mbele kama watu wanaoomba kazi ya ulinzi.

Msajili alikuwa katikati ya maneno ya kiapo, simu yake ikalia. Akatuambia tusubiri. Akaanza kuzungumza na mtu juu ya mabati ya kuezekea. Sisi tumeshikana mikono, tunangoja. Nikashikwa na kicheko. Nikajizuia, nikajizuia, mpaka kibanio kimoja kikachomoka mgongoni, kikaanguka sakafuni, tak.

Msajili akafunika simu. "Nini hicho?"

Baba Kidoti akasema, "Mahari, mheshimiwa."

Dada alipofika hapo alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Nilimtazama mdomo ukifunguka na kufungika. Nakumbuka kwamba ilichekesha. Nakumbuka kama unavyokumbuka namba ya simu.

"Basi mimi nitakuja kuapa," akasema. "Hayo ya kufunga upya ni upuuzi. Ndoa ipo, kitabu ndicho kilichokosea. Ila shahidi wa pili..."

Shahidi wa pili. Rafiki wa Baba Kidoti ndiye aliyetakiwa kusaini. Alikwenda ofisi nyingine, mtaa mwingine kabisa, akatungoja huko mpaka mchana. Kwa hiyo akasaini mama mmoja ambaye hatukuwa tunamjua, aliyekuwa amekaa ukumbini. Alikuwa amekuja kuchukua cheti cha kifo cha mumewe.

"Mtafute," Dada akasema.

"Nitamtafuta wapi? Hata jina sijui."

"Umejibu haraka mno," Dada akasema. Akanitazama. Mwalimu yule. Nikaendelea kumenya.

Jumapili, 10 Machi

Wameondoka wote, kila mtu kwa safari yake. Nyumba kimya. Niandike.

Tangu Jumatano nina wazo moja na sijamwambia mtu. Wazo lenyewe ni dogo. Nililipata nikiwa nafua.

Sijaolewa.

Watu wanaotaka kuachana wanapita mabaraza, wazee, wakwe, mahakama. Wanatoleana maneno. Mimi sihitaji kufanya lolote. Nisiposaini, basi. Nikae tu kama nilivyokaa.

Nimelisema kwa sauti mbele ya sinki. Sijaolewa. Halikunifurahisha wala halikuniuma.

Kwa haki yake: hanipigi, hanywi, mshahara analeta nyumbani. Mtu akiniuliza kosa lake sina la kuonyesha isipokuwa moja. Agosti ya mwaka juzi tulimzika baba yangu na yeye hakuja. Bomba kubwa lilikuwa limepasuka, mtaa mzima hauna maji, alikuwa zamu. Hilo ni kweli, nililiona kwenye habari. Lakini wenzake walimwambia nenda. Mkuu wake alinipigia simu mwenyewe kunipa pole, akasema tumemruhusu. Hakuja. Nilikaa mbele pale, kiti cha pembeni yangu kitupu. Watu walikuwa wanakuja kuketi, wakiambiwa cha mumewe, wananyanyuka. Siku nzima kilinyanyua watu.

Aliporudi nilimuuliza mara moja tu. Akasema, "Hata ningekuja, ningefanya nini?"

Sikulia. Nilikwenda kumpashia chakula. Nadhani ni hapo. Kitu hakikuvunjika, kingevunjika ningesikia. Kilizima.

Jumanne, 12 Machi

Nimepita tena dirisha namba tatu. Nilitaka kuuliza fomu ya kufunga upya, nikajikuta nauliza habari za yule mama. Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu ya Dada alivyonitazama.

Karani akafikiri. "Ulisema alikuja kwa cheti cha kifo? Siku hiyohiyo?" Akaenda kuleta kitabu kingine. Kitabu cha vifo cha siku ile kiko sawasawa. Hakijaruka hata mstari. Marehemu wa tarehe kumi na nne ni mmoja tu, mwanamume, fundi cherehani, na aliyekuja kumwandikisha ni mkewe. Anwani ipo.

"Sitakiwi kukupa," karani akasema.

Nikamwomba miwani. Natembea na bisbisi ndogo kwenye pochi kama wengine wanavyotembea na wanja. Nikaikaza skrubu, nikanyoosha mkono wa fremu, nikafuta lenzi. Akaivaa. Akatazama ukumbi wote mpaka ukutani.

"Kumbe ilikuwa hivi," akasema. Akaandika anwani kwenye karatasi, akaisukuma chini ya kioo.

Alhamisi, 14 Machi

Leo ndiyo siku yenyewe. Kumi na minane.

Asubuhi Baba Kidoti alikunja shuka, akanywa chai amesimama, akasema, "Leo tarehe ngapi?" Nikamwambia. Akasema "Ee." Akavaa viatu. Sijui kama alikumbuka akanyamaza, au alitaka tarehe tu.

Nimeomba ruhusa nusu siku. Nimeifuata ile anwani. Nyuma ya gereji moja, kuna kiduka cha vifungo, zipu na nyuzi. Miaka kumi na minane, na bado yupo palepale. Ndani kuna mama mnene kidogo, mvi zote, miwani ya kusomea imefungwa uzi. (Namba ya lenzi zake haimtoshi tena, nilimwona anavyosogeza karatasi mbali.)

Nilikuwa nimejiandaa kujieleza. Hakunipa nafasi. Alinitazama, akasema, "Mahari."

Nikakaa chini.

Akaingia ndani akatoka na bahasha. Ndani yake mna cheti cha kifo cha mumewe, na kimeshikizwa pini na picha. Sisi. Pasipoti saizi, kitambaa cha buluu. Mimi sikumbuki kama tulimpa. Sisi wenyewe tumebakiwa na moja tu, na hiyo ina doa la chai.

Nikamweleza shida. Akasikiliza. Kisha akaniuliza, "Mumeo alikwambia alivyonipata?"

Nikasema, "Alikukuta umekaa, akakuomba."

"Hapana," akasema.

Nitaandika alivyosema, kadiri ninavyokumbuka.

Alikuwa amekaa kwenye benchi na karatasi mkononi. Hakuwa anaweza kusimama. Akaja kijana mmoja, shati jeupe, kola imemkaba, jasho linamtoka. "Samahani mama, unaweza kutusaidia sahihi? Tunaoana." Yeye akasema, mwanangu, nimefiwa. Akategemea kijana ataomba radhi aondoke. Kijana akaketi. Akamuuliza marehemu alikuwa nani. Alikuwa fundi wa nini. Alikuwa anapenda kula nini. Kisha akasema, "Basi usije, mama. Tutasubiri mtu mwingine. Kaa tu." Na wala hakuondoka hapo hapo, alikaa naye kidogo, kimya.

"Kwa sababu aliniambia nisije, nikaenda," akasema.

Mimi wakati huo nilikuwa chooni, Dada ananibana vibanio.

Halafu akanieleza la pili, na hili ndilo lililonifanya niombe maji ya kunywa.

Baada ya sherehe tulikwenda mgahawa wa jirani, watu saba, chai na mayai ya kukaanga na keki moja ndogo. Yule mama tulikwenda naye, hilo nalikumbuka. Katikati ya chakula Baba Kidoti akatoweka. Saa nzima na zaidi. Siku ya harusi yangu! Nilikaa pale na vibanio vitano mgongoni, shemeji anatania kwamba bwana harusi amejuta mapema. Aliporudi nilimuuliza alikuwa wapi, akasema, "Nilikuwa napunga upepo." Ule ndio ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza. Siku mbili sikusema naye. Na mpaka leo, nikitaka kumhesabia makosa, naanzia pale.

Alikuwa amemsindikiza yule mama nyumbani.

"Niliogopa mlango," mama akasema. "Tangu mazishi nilikuwa nalala kwa mdogo wangu. Siku ile ilikuwa nirudi kwangu. Pale mgahawani nilimwambia mumeo, sijui kwa nini nilimwambia yeye. Akanyanyuka. Tukaja mpaka hapa. Akafungua mlango yeye, akatangulia. Akafungua madirisha yote. Cherehani ya marehemu ilikuwa na nguo juu, suruali ya mteja, mguu mmoja umeshonwa. Mimi nikashindwa kuitazama. Akaitoa, akaikunja, akaniuliza niiweke wapi. Akakaa na mimi pale mezani mpaka nikasema, sasa nenda, una mke anakungoja."

Nilikunywa maji yote.

Mama alitaka nijisikie vizuri, nadhani. Mtu mwingine angelia hapo, akamsamehe mumewe, akapita sokoni kununua kitu kizuri cha jioni. Mimi niliwaza jambo moja: kumbe alikuwa anajua. Miaka yote nilijiambia ni mtu asiyeweza, hakuumbwa hivyo, wengine hawawezi misiba. Kumbe anaweza. Anaweza kufungua madirisha. Anaweza kukunja suruali ya marehemu.

Basi kile kiti cha pembeni yangu kilimshinda nini?

Mama akaniuliza, "Na nyinyi hamjambo huko nyumbani?"

"Hatujambo."

Akanitazama juu ya miwani. "Kuapa nitakuja. Niliona kwa macho yangu mkioana, hilo siwezi kulikana. Lakini wewe mwenyewe unataka niape?"

Nikasema Jumatatu saa nne. Jibu la swali jingine. Akalipokea.

Jioni. Baba Kidoti amerudi na fomu ya kufunga upya. Ameshajaza upande wake, kwa herufi kubwa, kama anavyojaza karatasi za mita. Akaiweka mezani mbele yangu na kalamu juu yake.

Kidoti alikuwa kwa rafiki yake. Nikamwambia, "Nimempata yule mama. Nimetoka kwake."

Akavua viatu.

"Ulikwenda kumfungulia mlango."

Akavuta kiti akaketi. "Alikuwa anaogopa."

"Uliniambia unapunga upepo."

"Ilikuwa siku yako. Ningekuletea msiba mezani?"

Nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, kama namuuliza kama gesi imeisha. "Kwa baba je?"

Aliitazama ile fomu muda mrefu. Alisoma jina lake mwenyewe, nadhani. Kisha akasema, "Yule alikuwa mgeni. Mgeni ni rahisi. Wewe ungenitazama."

"Ningekutazama vipi?"

"Kama mtu anayetegemea kitu."

Akanyanyuka akaosha kikombe. Akakiosha tena. Nikakunja ile fomu nikaiweka chini ya mkebe wa sukari. Hakuna aliyetaja tarehe.

Ijumaa, 15 Machi

Lenzi kumi na nne. Sikupasua hata moja. Fundi mkuu kanisifu.

Naendelea kulisikia: wewe ungenitazama. Nalizungusha kama lenzi kwenye mashine, natafuta upande wa kuanzia kusaga. Siupati.

Jumamosi, 16 Machi

Kidoti kaniuliza kama nampenda baba yake. Alikuwa ananisuka, nimempa kisogo, labda ndiyo maana aliweza.

Nikasema, "Swali gani hilo."

"La kawaida."

"Sijui, mwanangu. Ni kama kuuliza kama una njaa wakati una homa."

Alisuka mistari miwili. Kisha akasema, "Baba anakuulizia."

"Amekuuliza wewe?"

"Hilo hajauliza. Anauliza kama umekula. Kila siku akipiga simu mchana, anauliza mama amebeba chakula, mama amekula. Nikimwambia mpigie mwenyewe, anasema sawa, halafu hapigi."

Sikulijua hilo. Nimeliandika hapa. Sijui nilifanyie nini.

Jumatatu, 18 Machi

Naandikia ukumbini, daftari juu ya goti. Saa tano na nusu. Kalamu ya ofisi, imefungwa kamba, nimelazimika kukaa karibu na dirisha kama mbuzi. Niandike kabla hawajatuita.

Walikuja wote. Dada na gauni la kanisani. Mama wa vifungo na bahasha yake. Baba Kidoti ameomba ruhusa kazini, amevaa shati la kola, amenyoa. Alipomwona yule mama alisimama. Mama akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Umenenepa." Akasema, "Kidogo." Hayo tu. Lakini hakuuachia mkono mpaka mama alipouachia.

Mashahidi wakaapa. Dada aliapa kwa sauti mpaka watu wa dirisha la mambo ya ardhi wakageuka. Mama aliapa taratibu. Karani akaandika, akagonga muhuri mara mbili. Nikaona inakwenda. Nikasema moyoni, basi, imeamuliwa, sikuhitaji kuchagua. Nilisikia nafuu ya kivivu.

Kisha karani akatuita sisi. Akatoa fomu mbili, kila mtu yake. Akasema kuna swali moja lazima kila mmoja alijibu mwenyewe, kwa kinywa, naye aandike. Akasoma: "Tangu tarehe hiyo hadi leo, umeishi na mwenzako kama mume na mke, bila kutengana?"

Akaanza na Baba Kidoti. Ni desturi tu, akasema, tuandike ndiyo tuendelee.

Baba Kidoti akasema, "Hapana."

Karani akainua macho. Miwani imekaa vizuri kabisa. "Samahani?"

"Andika hapana. Mpaka Agosti ya mwaka juzi, ndiyo. Baada ya hapo nimekuwa nyumba moja naye tu."

"Baba, ukisema hivyo siwezi kuendelea na njia hii. Itabidi—"

"Umeniuliza chini ya kiapo," akasema. Hakupaza sauti. Alishika ukingo wa meza ya dirisha kwa mikono miwili. "Alimzika baba yake peke yake. Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya gari la kazini, kilomita mbili kutoka pale. Nimevaa. Nilikuwa nimeshavaa za msibani. Sikuweza kushuka."

Kilomita mbili. Amevaa. Miezi kumi na tisa, na hilo sikuwahi kuambiwa.

Karani akaweka kalamu chini. Akatazama fomu, akanitazama mimi. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba na mimi lazima nijibu, jibu langu si lazima lifanane na lake. Nikisema ndiyo, na yeye amesema hapana, atalipeleka faili kwa msajili ndani, yeye ndiye ataamua. Nikisema hapana, linafungwa leo. Akasema nichukue dakika chache. Anakwenda kuuliza jambo kwa mkubwa wake.

Kwa hiyo nimekaa. Dada kanishika bega, nikamwomba asinishike. Ameenda kukaa na mama wa vifungo, wanaongea kwa kunong'ona. Baba Kidoti hajaondoka dirishani. Kanipa mgongo. Shati limelowa jasho katikati ya mabega, doa refu.

Hanitazami. Naelewa kwa nini. Anaogopa atanikuta nikimtazama.

Namtazama. Sijui ni kwa namna gani. Mwandiko umeharibika, angalia hii.

Karani amerudi. Amekaa. Anavuta fomu yangu, anaiweka sawa, anatafuta kalamu yake na hiyo kalamu ninayo mimi. Ananiita kwa mkono. Baba Kidoti amesogea pembeni kunipisha, hatua moja tu, mgongo bado kwangu.

Nimesimama na daftari. Karani ameishika kamba ya kalamu, anaivuta kwake. Karani anauliza tena, "Mama, niandike nini?"

Nime—